Viongozi Sita na Mtoto Mmoja

Ndugu zangu wa Kibiti, na nyinyi wa Mtawanya mliokuwa mkituletea watoto wenu kila Jumamosi, habari hii wengi wenu mmeisikia nusunusu. Mimi Mwanaharusi nilikuwamo. Nilikuwa katibu. Na mpaka leo kuna mahali sipaelewi, ingawa niliyaona yote kwa macho yangu.

Chama cha ushirika kilipofunga ghala lake, mwaka tisini na mbili, tuliomba funguo tukawa tunafundisha watoto sanaa mle ndani. Tulikuwa watu sita wa kujitolea. Mzee Haidari, mwalimu mstaafu, alifundisha kuchora. Nassibu alifundisha ngoma, mimi nyimbo. Rukaya, mke wa Kondo, alifundisha kutia ukindu rangi na kusuka mikeka, na alikuja na bintiye Tatu, mtoto wa miaka tisa, mtulivu, ambaye ukimwambia keti anaketi. Asubuhi zile zilikuwa nzuri. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyekuwa na cheo. Mtoto akichelewa kufuatwa, aliyekuwa karibu alimshika mkono akampeleka kwao.

Mwaka wa pili akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu wa shirika linalosaidia vikundi.

"Kiongozi wenu ni nani?" aliuliza.

Tukatazamana. Rukaya akacheka. "Sote, baba."

"Haiwezekani mama. Siku hizi kila kikundi kinasajiliwa. Lazima kuwe na safu ya uongozi."

Akatuachia fomu yenye nafasi sita. Nasi tulikuwa sita. Haidari akawa mwenyekiti, Nassibu akawa mlezi, mimi katibu, Rukaya mratibu, na wenzetu wawili makamu na mshauri. Tulipomaliza kuijaza, hakuna aliyebaki kuwa mwalimu tu. Tulifurahi. Sijui tulifurahia nini.

Msimfikirie Rukaya vibaya. Ni mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kuitwa akae kiti cha mbele. Sasa aliitwa semina Ikwiriri, akaitwa semina Utete, akachongesha mhuri. Mumewe alilalamika mbele yangu.

"Mama Tatu, mpunga unaliwa na ndege bondeni, wewe uko semina ya nini?"

"Ya uongozi."

"Unamwongoza nani?"

Rukaya alichukua mhuri wake, akaondoka. Tatu naye alizoea kula kwa majirani. Ukimuuliza mama yuko wapi, anajibu, "Yuko kikaoni." Sisi wenyewe ndio tuliokuwa kwenye hicho kikao, na hatukumaliza ajenda hata moja.

Ikaja safari ya kisiwa cha Maparoni. Tulichukua watoto ishirini na wawili, tukapanda boti mbili za mashine pale bandari ya Nyamisati, tukaenda kuonyesha kazi zao kwenye shule ya kule. Mgeni wa Dar alikuwapo na kamera yake. Watoto walicheza, wakaimba, watu wa Maparoni wakashangilia.

Mara nahodha akapiga kelele, "Maji yanapwa! Tukichelewa tunakwama kwenye tope!"

Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Haidari alimwambia Tatu akaoshe brashi kisimani. Nassibu akamwambia, "Wewe, bandarini haraka!" Mtoto akawa anageuka huku na huku. Rukaya alipomwona akamshika bega, akamweka kwenye baraza ya shule.

"Keti hapa. Usiondoke mpaka nikuite."

Akaingia ndani kukusanya mikeka. Hajamaliza, mgeni akaita, "Mratibu! Njoo boti ya kwanza, tupige picha ya viongozi!" Rukaya akatoka mlango wa nyuma, mbio.

Nyamisati tulimkuta Kondo amekuja kumpokea binti yake.

"Tatu yuko wapi?"

"Yumo boti ya pili, na mlezi," Rukaya akajibu.

Boti ya pili ikafika. Nassibu akashuka, akashangaa. "Si umemchukua mwenyewe? Mtoto wako!"

"Wewe ndiye mlezi!"

"Na wewe mratibu wa safari!"

Haidari akasema mwenyekiti hahesabu watoto. Makamu akasema yeye hufanya kazi mwenyekiti asipokuwapo, na mwenyekiti yupo. Wakanigeukia mimi nisome katiba ya kikundi. Nami, Mungu anisamehe, nikaitoa nikaisoma. Mlezi atalea. Mratibu ataratibu. Nikarudia, labda nimeruka mstari.

"Mnasoma karatasi," nahodha akasema, "na mtoto yuko wapi?"

Kondo alikwishaingia botini. Lakini maji yalikuwa yameshakimbia, na ilibidi tungoje hadi asubuhi.

Tulimkuta Tatu pale pale barazani. Ubavuni pake alikuwa Bi Mwantum, mwenyeji mmoja, amejitanda kanga yake.

"Nimembembeleza aje kwangu, amekataa," Bi Mwantum alisema. "Anasema mama yake amemwambia asiondoke. Nikaona basi, nilale naye hapa hapa."

Tatu alimtazama mama yake, macho yamemvimba. "Mama, ulishaniita? Mimi sikusikia."

Rukaya akakaa chini mchangani.

Kondo alimhamishia mtoto Mtawanya kwa bibi yake. Rukaya aliurudisha mhuri, akamfuata mtoto huko baada ya miezi mitatu, na namshukuru Mungu kwamba alipokelewa. Ila Tatu, ukimwagiza kitu, anakuuliza mara tatu kama una hakika. Mkeka hakuugusa tena. Sisi tuliobaki tukaletewa barua kutoka Dar, yenye picha ya boti, inatupongeza kwa uongozi bora. Tuliisoma tukiwa watano ghalani. Watoto walikuwa wameacha kuja.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, na nyinyi mnaoanzisha vikundi, kujitolea ni kazi njema na uongozi si dhambi. Lakini cheo kisichosema utafanya nini, na kwa nani, ni jina tu, na jina halimshiki mtoto mkono. Kabla hamjagawana vyeo, gawaneni kazi: fulani atahesabu, fulani atakuwa wa mwisho kuondoka. Na anayetumikia watoto wa watu asimsahau wa kwake nyumbani.

Nimewalaumu wengine, sasa nijilaumu mimi. Siku ile, pamoja na katiba, nilikuwa na orodha ya majina ya watoto wote ishirini na wawili ndani ya mkoba. Niliiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Ingenichukua dakika mbili kuiita pale Maparoni kabla hatujapanda boti. Sikuiita, kwa sababu nilidhani kazi ya katibu ni kuandika.