Beringi Isiyopigwa Chaki

Kila Jumamosi asubuhi Saliha alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumnyang'anya. Alitumwa kununua vipuri. Baba yake, fundi Shakuru, alitengeneza magari mbele ya nyumba yao katika mtaa wa Buyenzi, na mikono yake ilijaa grisi kutwa nzima, asingeweza kuacha gari limeinuliwa juu ya mawe akaenda madukani. Kwa hiyo alikwenda Saliha, msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu myepesi na kichwa kisichosahau.

Sasa, mafundi wa Buyenzi hawamtumi mtu dukani kwa maneno matupu. Ukimwambia mtu akuletee beringi ya gurudumu, ile wanayoiita roulement, ataleta kweli, lakini ya gari gani? Ndiyo maana fundi hukichomoa kile kifaa kilichochakaa, akakiosha kwa petroli, akampa anayetumwa aende nacho. Hicho huitwa mfano. Muuzaji hukilinganisha na vipya vyake mpaka apate kinachofanana. Kazi ikiisha, mfano hautupwi. Hurudishwa kwa mwenye gari, ashike mkononi na aone kwamba kifaa chake cha zamani kimetolewa kweli na kipya kimeingia. Fundi asiyerudisha cha zamani hupoteza wateja, na hakuna anayemwonea huruma.

Jumamosi hiyo gari lilikuwa teksi ya Bwana Sébastien, na kilichochakaa kilikuwa beringi ya gurudumu la mbele. Fundi Shakuru, ambaye mkewe alizoea kumtania kwamba ana ugonjwa wa usafi, aliisugua beringi ile ikang'aa kama sufuria ya harusi. Alipomkabidhi Saliha, alimkumbusha amwonyeshe mlinzi wa duka mlangoni kabla ya kuingia.

Duka lenyewe lilikuwa jipya, kubwa, katika mtaa wa Asiatique. Humo mteja hulipa, hupewa risiti, na mlangoni mlinzi hutazama risiti na mfuko, akiona vinalingana huchora mstari kwa kalamu na kumruhusu atoke. Aliyekuja na mfano huuonyesha wakati wa kuingia, na mlinzi huupiga alama ya chaki nyeupe ili wakati wa kutoka asije akahesabiwa mwizi. Ni utaratibu mzuri, hauna ubaya wowote. Kilichokuwa na ubaya ni ukuta wa kando ya mlango wa kutokea. Pale zilibandikwa picha za watu, na juu yao neno moja kwa rangi nyekundu: WEZI. Zilitazama barabarani, hata mpita njia alizisoma. Na nusu ya Buyenzi hupita njia hiyo kila siku.

Saliha alipofika, alimkuta mlangoni Lisette, mwanafunzi mwenzake, amesimama na mama yake, amevaa gauni safi na viatu vyeupe. Mfuko wa Saliha ulinuka petroli. Akaona aibu. Ilikuwa aibu ndogo tu ya kitoto, lakini ilimtosha: aliubana mfuko kwapani, akamsalimu Lisette haraka haraka, akampita mlinzi bila kuonyesha kitu.

Ndani mambo yalikwenda vizuri. Muuzaji alilinganisha, akampa beringi mpya, Saliha akalipa, akatia zote mbili mfukoni. Mlangoni mlinzi, kijana mmoja wa Uvira aitwaye Jérémie, alisoma risiti, akachungulia mfuko, akasoma risiti tena.

"Facture inasema roulement moja," alisema. "Mi naona mbili. Hii ingine imetoka wapi?"

Saliha alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu fupi na la kweli. Lakini watu waliokuwa nyuma yake walinyamaza, Lisette akageuka kumtazama, na jibu halikutoka. Midomo ilikufa ganzi kama ya mtu aliyechomwa sindano ya kung'olewa jino. Jérémie akauliza mara ya pili. Mara ya tatu hakuuliza, aliwaambia watu kwamba mwenye haki angeshasema. Akaichukua ile beringi ya zamani inayong'aa, akainua simu, akampiga Saliha picha. Beringi mpya alimwachia kwa sababu ililipiwa. Kisha akamwambia kwamba Jumatatu sura yake itakuwa ukutani pamoja na wenzake, na asikanyage tena pale.

Njiani Saliha hakulia. Ajabu, hakuhisi kitu. Alizisikia honi za bajaji kwa mbali, akaona miguu yake inatembea, akaiacha itembee. Nyumbani alimpa baba beringi mpya. Baba alipouliza mfano uko wapi, Saliha alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba umeanguka njiani. Fundi Shakuru aliguna, akarudi chini ya gari.

Jioni Bwana Sébastien alikuja kuchukua teksi yake. Aliwasha, akasikiliza, akaridhika, kisha akaomba apewe cha zamani, kama ilivyo desturi. Fundi Shakuru alimweleza kwamba mtoto amekipoteza njiani, akaomba radhi. Bwana Sébastien aliinama akalitazama gurudumu, akamtazama fundi, akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye kwake si sawa hata kidogo. Kabla ya kuondoka alisema hivi bila ukali:

"Tumefanya kazi miaka mingi, fundi. Lakini safari ijayo nitajaribu kwa mwingine."

Fundi Shakuru aliendelea kupangusa mikono kwa kitambaa, ingawa ilikuwa imeshakauka. Saliha alisimama kando ameshika jagi la maji, akijua kwamba wakati huu angepaswa kuumia, na hakuumia. Hilo ndilo lililomtisha. Ndani yake palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Kesho yake alikula wali bila kujua kama una chumvi. Mama yake alimshika paji la uso, akidhani ni malaria, lakini homa haikuwapo. Wadogo zake walimwita acheze, akacheza, akashinda, hakufurahi. Baada ya sala ya alasiri alimkuta baba yake ameketi anachambua boliti. Akakaa karibu naye, akaeleza yote tangu mwanzo: viatu vya Lisette, harufu ya petroli, mlinzi, picha, na uongo wa njiani. Aliyasema kwa sauti bapa, kama mwanafunzi anayesoma kwa sauti kitabu asichokielewa.

Fundi Shakuru alisikiliza hadi mwisho. Alikasirika, ilionekana shingoni, lakini aliendelea kuchambua boliti mpaka hasira ikatulia.

"Uliiba?"

"Apana, baba."

"Ulionyesha mfano mlangoni?"

"Apana."

"Basi kosa lako ni moja na lao ni lingine, na la kunidanganya tutalizungumza baadaye. Kesho ukitoka shule tunakwenda."

Saliha alisema hataki, kwamba watu watamtazama. Baba yake alimjibu kwamba watu wanamtazama tayari, tofauti ni kwamba wanautazama uongo.

Na kweli, Jumatatu picha ilikuwa pale. Msichana wa kwenye picha alikuwa na macho makavu, mtandio umemwenda upande. Saliha alimtazama kama mtoto wa watu wengine. Fundi Shakuru naye alitazama, akaingia. Wateja wengine walidhani patachafuka, na wawili watatu walisogea waone vizuri. Lakini yeye alisalimu, akamwambia Jérémie kwamba ni mteja wa duka hilo na anaomba kuzungumza na mkubwa wake. Jérémie alianza kueleza habari za wizi. Fundi alirudia ombi lake kwa maneno yale yale na kwa sauti ile ile, mpaka akaitwa msimamizi, mama mmoja wa makamo aitwaye Fabiola.

Mama Fabiola aliuliza kuna nini. Saliha alingoja baba yake aseme. Baba yake alimsogeza mbele.

"Mtoto ataeleza," alisema. "Mi nitasikiliza kama we, mama."

Saliha alihisi ganzi ile ile ikipanda kutoka kifuani. Watu walikuwa wengi kuliko Jumamosi. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akafungua tena.

"Nilikosa," alianza, na neno hilo lilikuwa gumu kuliko yote yaliyofuata. "Nilikuja na mfano wa baba, sikuuonyesha mlangoni. Niliona aibu. Lakini sikuiba. Ile roulement ni ya zamani, imeoshwa tu. Naomba muizungushe."

Mama Fabiola aliagiza iletwe. Jérémie aliitoa kwenye droo. Ilikuwa inang'aa kweli, mtu asingemlaumu kwa kudhani ni mpya. Mama Fabiola aliishika katikati kwa vidole, akaizungusha, ikakwaruza krr, krr, krr, kama mtu anayetafuna mchanga. Akachukua mpya kutoka rafuni, akaizungusha. Hiyo ilizunguka kimya. Hapakuhitajika fundi kueleza, hata mtoto wa chekechea angejua ipi imechoka.

Mama Fabiola alimuuliza mlinzi kama Jumamosi aliizungusha, au kama alimwita mtu yeyote ofisini kabla ya kupiga picha. Jérémie alitazama viatu vyake.

"Apana, mama. Vitu vikipotea naulizwa mi. Nikaona mutoto amenyamaza, nikajua nimeshika mwizi." Kisha akamgeukia Saliha. "Nisamehe, mwanangu. Ningekungoja useme."

Mama Fabiola aliomba radhi naye, kwa baba na kwa mtoto, mbele ya wale wale waliokuja kutazama. Akatoka nje, akaibandua picha kwa mkono wake mwenyewe, akampa fundi pamoja na beringi ya Bwana Sébastien. Jambo lingeishia hapo, na watu walikwishaanza kutawanyika.

Lakini Saliha alikuwa bado anautazama ukuta. Karibu na mahali ilipotoka picha yake palikuwa na ya bibi mmoja mzee aliyejitanda kitenge. Bibi naye alikuwa na macho makavu. Saliha aliyafahamu macho yale.

"Na hawa," aliuliza, "waliulizwa?"

Mama Fabiola alimtazama Jérémie. Jérémie alimtazama yule bibi kwenye picha kwa muda mrefu.

"Huyu naye alinyamaza," alisema kwa sauti ya chini.

Mama Fabiola alisimama amejishika kiuno. Kisha akamwambia Jérémie abandue zote, na kuanzia leo, mtu akitiliwa shaka aletwe ofisini, aulizwe kwa upole mlango umefungwa, na asipigwe picha. Jérémie akaanza kubandua. Gundi ilikuwa kali, akawa anakwangua kwa ukucha.

Barabarani fundi Shakuru alitembea taratibu ili binti yake amfikie.

"Sikiliza, Saliha," alisema. "Mlinzi kuangalia mfuko wako si kukutukana. Bwana Sébastien ananidai cha zamani kila mara, na mi sikasiriki, ni haki yake. Kwa hiyo mteja ana wajibu wake: onyesha ulichoingia nacho, tunza risiti, fungua mfuko. Lakini ana haki zake pia. Aulizwe kwa heshima, asikilizwe, aitiwe mkubwa wa duka, asiaibishwe mbele ya watu kabla jambo halijajulikana. Haki hizo wanazo watoto kama wakubwa. Ila hakuna atakayejua unazo kama we mwenyewe umenyamaza. Na ukiona aibu kwa kazi ya nyumbani kwenu, ndipo unaponyamaza."

Saliha alisema amesikia. Alikuwa ameshika kwa mikono miwili beringi ya zamani aliyopewa na baba yake. Halafu yakaja yote kwa pamoja, ya Jumamosi, ya jagi la maji, ya yule bibi, akalia kwa sauti pale pale kando ya barabara, mbele ya wapita njia wote. Kuliuma sana. Fundi Shakuru hakumwambia anyamaze. Alisimama upande wa jua ili binti yake apate kivuli, akangoja.

Alipomaliza kujifuta uso kwa mtandio, baba yake alimwambia kwamba wangepitia kwenye kituo cha teksi kabla ya kurudi nyumbani, kwa Bwana Sébastien. Akamuuliza nani ataeleza.

"Mi," alisema Saliha. "Ni mi niliyesema uongo."

Wakavuka barabara, Saliha akiwa mbele.