Chiriku na Kufuli Jekundu

Nyumbani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Chiriku, maana tangu anaamka hadi analala mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Alizungumza akila, alizungumza akioga, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akimsimulia mtu jambo. Alikuwa darasa la sita, na kila Jumapili kazi yake ilikuwa kusugua mabati ya mikate hadi yang'ae.

Mama yake alikuwa na kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya nyumba. Ndani mlikuwa na tanuri, meza ndefu ya mbao, rafu za mabati na mashine ya kukandia unga. Mashine hiyo ilikuwa pipa pana la chuma lenye mkono mzito uliozunguka ndani yake na kukanda unga bila kuchoka. Siku nyingine zote watu walioka mikate. Jumapili walisafisha.

Dada yake mkubwa ndiye aliyefunga nyaya zote za pale. Alisoma umeme katika chuo cha ufundi, akapata stashahada yake, akafanya kazi viwandani, na kila mtu alidhani shule amemalizana nayo. Kumbe wapi! Siku moja aliwaambia kwamba anarudi darasani, safari hii chuo kikuu, kusomea shahada ya usimamizi wa hatari na usalama kazini. Mama alipigwa na butwaa.

"Mwanangu, wenzako wanaikimbia hatari, wewe unaifuata hadi darasani?"

"Mama, chuo cha ufundi kilinifundisha kuitunza mashine. Sasa nataka kujifunza kumtunza anayeitumia."

Mchomaji, yule baba mwenye tumbo kubwa na utani mwingi aliyesimamia tanuri, alicheka hadi akakohoa. "Hiyo ni shahada ya woga! Ningejua inatolewa, saa hizi ningekuwa profesa."

Dada hakujali. Kila jioni, kabla watu hawajavua aproni, aliwauliza swali lile lile: "Leo kuna nusura?" Alitaka kusikia yale yaliyokaribia kutokea. Nusura niteleze kwenye mafuta. Nusura niungue. Alisema mambo hayo yakijulikana mapema, mtu anaweza kuyarekebisha kabla hayajamuumiza mwingine. Haikuchukua muda wakampachika jina la Bibi Nusura. Chiriku ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjibu, na akikosa la kweli alitunga. "Leo nusura nipasuke kwa kicheko, dada!"

Mwaka wa mwisho wa masomo yake, dada alileta kufuli jekundu. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria: kabla mtu hajaingiza mkono kwenye mashine, swichi kuu inazimwa, inafungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni kwa dada. Utaratibu huo ndio aliouandalia kazi yake ya mwisho chuoni. Jumatatu angesimama mbele ya walimu wake na kuueleza, na wakiridhika, shahada yake imepatikana.

Jumapili, siku moja kabla, dada alizima swichi kuu, akafunga kufuli, akaenda dukani kununua sabuni. Mama alisema atakunywa chai kwanza ndipo asafishe pipa. Mchomaji alikuwa nje akiosha rafu.

Chiriku alikuwa stoo, ameshika pasi baridi. Alitaka kunyoosha sare yake ya shule apate kwenda kucheza, na soketi ya stoo ilipata umeme kutoka swichi ile ile kuu, iliyokuwa ukutani pale pale. Dada angerudi muda si mrefu, lakini Chiriku na subira hawakuwahi kuelewana. Naye alijua siri moja: nyuma ya kalenda, kwenye msumari, palikuwa na ufunguo wa akiba.

"Napiga pasi haraka haraka, nafunga tena," alijiambia. "Mama bado anakunywa chai."

Alifungua kufuli, akalitia mfukoni, akapandisha swichi.

Chumba cha pili mashine ilinguruma. Kisha mama yake akapiga ukelele ambao Chiriku hakuwahi kuusikia tangu azaliwe.

Sekunde hiyo aliiona ndefu kuliko mwaka. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye swichi, ukaishusha. Mashine ikanyamaza. Alirudisha ufunguo nyuma ya kalenda bila kujua kwa nini anafanya hivyo, akakimbilia kiwandani.

Kumbe mama hakuisubiri chai. Alikuwa ameketi sakafuni, uso umempauka, akihema. Mkono wa gauni lake ulikuwa umeng'oka wote begani, na kile kitambaa kilikuwa kimejisokota kwenye chuma cha mashine. Kama kisingechanika, mkono wenyewe ndio ungekuwa pale. Mchomaji alikuwa amemshika.

"Nani kazima?" mama aliuliza.

"Mi... mimi, mama."

Mama alimvuta kifuani akamkumbatia kwa nguvu. "Mwanangu! Umeniokoa!"

Ukweli ulikuwa umemfika Chiriku kwenye ncha ya ulimi, ungetoka kwa sentensi moja tu. Badala yake alitia mkono mfukoni akalibana lile kufuli, lisije likalia.

Dada aliporudi na kuwaona, sabuni zilimponyoka. Alikimbia kwa mama, akamkagua mkono na kumwosha michubuko, kisha akaenda kutazama swichi. Haikuwa na kufuli. Alisimama pale kana kwamba amepigwa kofi.

"Nilifunga," alisema. "Nakumbuka nilifunga. Nilifunga mama, si ndiyo?"

"Ungefunga, mwanangu, ingewakaje?"

Alasiri yote dada alilitafuta kufuli kwenye mkoba wake, chini ya meza, hata ndani ya magunia ya unga. Hakuliona. Jioni walipoketi kula alikuwa ameacha kutafuta, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kesho siendi," alisema.

"Huendi wapi?" mama akashtuka.

"Chuoni. Nimeacha. Kama naweza kusahau kufuli wakati mama yangu yuko ndani ya mashine, mama wa mwenzangu nitamlinda vipi? Nitaendelea na ufundi wangu, basi."

"Miaka yote hiyo ya kusoma, uache siku ya mwisho?" Mchomaji alisema. "Ule wa shahada ya woga ulikuwa utani tu, binti yangu."

Dada alitikisa kichwa. Mama alimpakulia Chiriku mnofu mkubwa kuliko wote, akampapasa kichwa. "Kula, mwokozi wangu. Bila wewe sijui leo ningekuwa wapi."

Chiriku aliutazama tu ule mnofu. Tangu mchana hakuwa amesema neno, na kimya chake kilianza kuonekana.

"Jamani, leo Chiriku kameza nini?" Mchomaji aliuliza. "Mbona redio yetu imezimwa?"

Watu waliendelea kula kwa unyonge, na Chiriku akagundua kitu kilichomchoma kuliko sifa zote za mama yake. Jioni ilikuwa imeingia, kazi zimekwisha, na dada hakuwa ameuliza lile swali.

"Dada," alisema. "Leo hujauliza."

"Sijauliza nini?"

"Kama kuna nusura."

Dada aliinua macho yaliyochoka. "Haya. Leo kuna nusura?"

"Ipo," Chiriku alisema, akalitoa kufuli jekundu mfukoni na kuliweka mezani.

Kijiko cha mama kilianguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kukiokota. Chiriku alisimulia yote, pasi, kalenda, swichi, huku machozi yakimdondokea kwenye sahani. Alipomaliza, mama alikuwa amesimama wima.

"Yaani ni wewe?" Alishindwa kuamini. "Mchana kutwa nakuita mwokozi wangu, na dada yako anataka kutupa masomo yake, na wewe umelikalia kufuli mfukoni?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa. Nilidhani unakunywa chai."

"Mama, tafadhali, kaa kidogo," dada alisema. Alikuwa amelishika kufuli, analigeuzageuza kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukililia. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Chiriku, huo ufunguo nyuma ya kalenda nani aliuweka?"

Chiriku alimtazama mama. Mama akatazama pembeni.

"Niliuweka mimi," mama alisema polepole. "Nilisema ule wako ukipotea, tusije tukakwama. Nikamwonyesha na yeye, eti ajue."

"Na mashine yenyewe ina swichi yake. Kwa nini iliwaka mara tu umeme ulipofika?" Dada alijiuliza mwenyewe, kisha akajishika mdomo. "Loo! Nilipofunga kufuli niliiwasha ile swichi ndogo, kujaribu kama kweli umeme umekatika. Sikuirudisha. Niliiacha imewashwa!"

Walitazamana kwa mshangao. Mchana kutwa walikuwa wakitafuta kufuli moja lililosahauliwa, kumbe hatari ilikuwa imepita mikononi mwa mama, dada na Chiriku.

"Kesho naenda," dada alisema. "Na hili ndilo nitakalowaeleza."

"Lakini wewe," mama alimnyooshea Chiriku kidole, "pasi usiiguse mwezi mzima. Utavaa makunyanzi yako hivyo hivyo."

Basi Jumatatu Chiriku alikwenda shule na sare iliyokunjamana mithili ya gazeti la kufungia maandazi. Wenzake walimcheka. Aliporudi alikaa mlangoni kumsubiri dada. Mama na Mchomaji nao walipata kazi za kufanya karibu na mlango, ingawa hakukuwa na kazi yoyote pale.

Dada aliingia, akavua viatu, kisha akatabasamu.

"Nimefaulu."

Mchomaji alipiga kigelegele kibaya kilichowashtua majirani. Mama alilia. Dada aliwaambia kwamba walimu walishtuka kumsikia akieleza jinsi utaratibu wake mwenyewe ulivyovunjika na kosa alilolifanya kwa mkono wake. Mmoja alimuuliza aliyajuaje yote hayo. "Nikamjibu, mdogo wangu alisema."

Jumapili iliyofuata mambo yalibadilika. Ufunguo wa akiba haukuwepo tena. Dada aliukata vipande viwili mbele yao. Swichi ndogo ya mashine iliangaliwa na watu wawili. Na aliyefunga kufuli alikuwa mama mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anaingiza mkono. Ufunguo aliufunga kwa kamba akauvaa shingoni. Kabla ya kuinama kwenye pipa alimwita Chiriku.

"Siku ile nilikushukuru kwa kuzima swichi," alisema, akimshika bega kwa mkono wenye makovu mapya. "Nilikosea. Wewe ndiye uliyeiwasha, na hilo usilisahau. Lakini ungenyamaza, ule ufunguo ungekuwa bado nyuma ya kalenda, dada yako angekuwa ameacha masomo, na mimi leo ningeingiza mkono humu nikidhani niko salama. Kwa hiyo nakushukuru kwa lile kufuli uliloweka mezani. Ukikosea tena, na utakosea, uje uniambie siku hiyo hiyo, hata kama nitafoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, kasugue mabati."

Chiriku alikwenda kusugua. Alianza kwa kimya, kisha kwa mnong'ono, na kabla bati la kwanza halijang'aa alikuwa akimsimulia Mchomaji habari ndefu ya mwalimu wao wa hesabu.

"Asante Mungu," Mchomaji alisema. "Redio imerudi."