Baraza la Rangi ya Asali

Evodia alikutana na Kahigi, fundi seremala, katika duka la vifaa vya ujenzi la Muharami, Bukoba mjini, siku ambayo nusu ya mji ilikuwa imekuja kununua mabati kabla ya masika. Evodia alivaa gauni la kitenge cha njano. Fundi alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Wote wawili walishika kopo moja la vanishi.

"Chukua wewe, dada," Kahigi alisema. "Ila kwa brashi hiyo utapaka mpaka Krismasi."

Evodia alimwambia kama anajua sana, aje apake yeye.

Akaja. Evodia, mjane wa miaka mitano, alikuwa anajenga baraza la mbao za paini mbele ya mgahawa wake, likitazama ziwa. Alitaka rangi ya asali. Kahigi, mtu wa Muleba, alipigilia mbao wiki tatu, na wiki tatu zilitosha. Simu zao zilianza na misumari zikaishia kuulizana kama mtu amekula. Akamwambia atapeleka wazee wake Kashozi, kwa baba yake Evodia, kuposa, kabla ya Pasaka. Evodia alimjibu amalize kwanza baraza.

Alimaliza Ijumaa. Rangi ilipokauka, ikawa nyekundu ya kuelekea weusi. Kufikia Jumatatu wateja walikuwa wanakunywa chai wakiongea kwa sauti ya chini. Mzee mmoja alivua kofia kabla ya kukaa.

Evodia aliijua ile rangi. Mkono wake ulikuwa umeishika njia nzima, kutoka hospitali ya Muleba mpaka kaburini Kanazi, juu ya jeneza la mumewe, mwalimu Rugambwa. Hata harufu ilikuwa ileile. Akaingiza meza ndani, akafunga mlango wa baraza, akaacha kupokea simu. Aliamini marehemu amesikia habari za wale wazee na ametoa jibu lake.

Siku ya nne alipokea.

"Waitu," Kahigi alimsihi kwa Kihaya, "nimekosa nini?"

"Uliwahi kutengeneza majeneza?"

Kahigi akakiri kwamba kazi aliianzia huko, Muleba, kwa miaka sita.

"La mwalimu Rugambwa, je?"

"Sijui, Evodia. Hatukuwa tunaambiwa majina."

"Wewe hujui. Rangi yako inajua."

Akakata.

Kesho yake Kahigi alifika bila kuitwa, na mfuko wa msasa begani. Alieleza akiwa amesimama chini, hakuthubutu kukanyaga baraza. Paini hunywa rangi vibaya, huota madoa. Kule kwenye majeneza walifundishwa kuyaficha kwa nyekundu na nyeusi kidogo. Mkono wake ulichanganya kabla yeye hajafikiri.

"Hukujaribu kwenye kipande?"

"Nilijaribu. Kipande cha mninga, mti mgumu usiokunywa rangi."

"Na baraza ni la paini."

"Ni la paini."

Evodia alifungua mlango wa baraza. "Basi kosa ni la fundi," alisema. "Si la marehemu." Akaenda kumletea chai.

Kahigi alisugua siku mbili. Safari hii alitangulia kupaka sila iliyozimuliwa, dawa ya kuziba matundu ya mbao, ili zisinywe rangi ovyo, akajaribu asali kwenye kipande cha paini, wakaitazama pamoja juani. Ubao mmoja tu, ule wa mlangoni, ulikataa. Kila aliposugua, wekundu ulizidi kutoka ndani. Kahigi akachukua nyundo aung'oe.

Evodia alivua viatu, akasimama juu ya ubao ule.

"Uache."

"Wateja wataona."

"Waone. Huyu alikuwepo kabla yako." Akamnyang'anya nyundo. "Na wazee wako waambie waende Kashozi Jumamosi. Baba hapendi watu wanaochelewa."

Siku hizi wateja wa baraza lile wanapiga kelele kama watu wa sokoni. Kahigi akitoka na sinia la chai huuruka ubao wa mlangoni. Mkewe huukanyaga kila asubuhi, peku, na hana haraka.