Bwana Afya Asiyejua Kumkatalia

Siku ya soko pale Mlowo, bwana afya alipotokea tu, akina mama walifunika vyungu vyao hata kabla hajafungua mdomo. Kefa Mbonile alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikapigika, soksi ndefu na kofia ngumu, na asubuhi ile alikuwa ameshamwaga maziwa ya wanawake wawili. Akafika kwa Yunisi, binti wa mkulima wa kahawa wa Igamba, aliyeketi nyuma ya kibuyu cha maziwa ya mgando kwa gauni la maua ya bluu na kilemba cheupe. Nzi walikuwapo, tena wengi.

"Haya nayo yamwagwe," Kefa alisema.

"Yamwage, bwana afya," Yunisi alimjibu bila kuinuka. "Ila onja kwanza, ujue unachomwaga."

Watu wakacheka. Kefa naye akacheka, jambo ambalo soko lile halikuwahi kuliona, akaonja, akamaliza kikombe, akaomba kingine. Wale wawili waliomwagiwa walinuna hadi jioni, na walikuwa na haki.

Mapenzi yao yalianzia hapo. Kila Jumamosi Kefa alipanda lori kutoka kituo chake cha mpakani Tunduma kuja kumwona. Yunisi aliposema masharubu yale yanamzeesha, wiki iliyofuata hayakuwapo. Alipotaka wapande mpaka kijiji cha Ruanda kumsalimu mama yake mdogo, Tabita, walipanda mvuani, soksi zake ndefu zote zikaloa.

Kisha ikaja habari kubwa. Serikali ilimchagua Kefa kwenda Uingereza kwa masomo ya juu ya afya ya miji, akajifunze jinsi maji, masoko, vyoo na makazi ya watu maelfu yanavyopangwa, na jinsi kazi hiyo inavyosimamiwa. Jimbo zima lilipewa nafasi moja tu. Kefa alitaka kuoa kabla ya safari. Baba yake Yunisi hakuwa na kipingamizi, ila kwao posa haikupokelewa mpaka kaka mkubwa wa binti aketi mbele ya mshenga, na kaka huyo, Boazi, alikuwa kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Akaitwa.

Yunisi alikwenda Tunduma kumpokea. Aliwakuta wasafiri wamepangwa juani, mikono wazi, Kefa akitafuta kovu la chanjo kwa kila mmoja, maana ndui ilikuwa imeingia huko migodini. Asiye na kovu alichanjwa, kisha akawekwa kambi ya karantini mpaka ithibitike kwamba ni mzima. Boazi hakuwa na kovu. Alikuwa na koti jipya, baiskeli mpya na kicheko kikubwa.

Yunisi alimvuta Kefa pembeni.

"Mchanje, kisha umwache aende."

"Siwezi, mpenzi. Ni amri."

"Posa ni kesho kutwa. Ukimfungia Boazi, baba atasogeza mpaka baada ya mavuno, na wewe utakuwa umeshaondoka. Mtazame. Anaumwa huyu?"

Kefa alimtazama Boazi, kisha akamtazama Yunisi kwa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Alimchanja, akamwachia.

Posa ikapokelewa, watu wakala na kuimba. Juma lililofuata Boazi alishikwa na homa, uso ukajaa malengelenge. Yeye alipona, akabaki na makovu. Mama yao aliyemuuguza hakupona. Majirani nao wakaanguka mmoja mmoja, watoto kwa wakubwa.

Kefa alikuja na askari, akafunga kamba njiani, hakuna kuingia wala kutoka. Mama mdogo Tabita, aliyetoka Ruanda kumlilia dada yake, alizuiwa kwenye kamba na kulia akiwa amesimama barabarani kama mpita njia. Hakukuwa na wa kumwosha marehemu wala wa kulala matangani. Kefa na watu wake waliochanjwa walimzika upesi, wakamwaga chokaa, kisha wakaichoma nyumba. Hakumwangalia Yunisi hata mara moja. Yunisi alimchukia siku ile, akaamini kwamba anaficha aibu yake asije akaikosa Uingereza. Alijichukia mwenyewe zaidi, ila hilo hakumwambia mtu.

Kamba ilipoondolewa, Kefa alikuja mara kadhaa na Yunisi akakataa kutoka nje. Siku ya safari, Tabita alimkokota Yunisi mpaka Mlowo, akisema aende akaage hata kama ni kwa kumtemea mate. Lori la Mbeya lilikuwa linapakia magunia ya kahawa. Kefa alikuwa amekonda, suti mpya inamning'inia mabegani.

"Basi umefanikiwa," Yunisi alimwambia. "Unakwenda, na hakuna anayejua."

"Daktari, mkubwa wangu wa kazi, anajua. Nilimwambia siku ile ile Boazi alipougua kwamba mimi ndiye niliyemwachia. Akaniambia nifunge mdomo, jina langu limeshapita na nafasi ni moja." Kefa akaweka sanduku lake chini. "Pale kaburini, Yunisi, ningekuangalia, ningeshindwa kumzika mama."

Yunisi akalia pale pale sokoni, kile kilio cha msiba alichonyimwa. Kefa akamshika mikono yote miwili.

"Sema neno moja tu, nibaki. Nitawarudishia nafasi yao. Tuoane, nilime kahawa na baba yako."

"Nakupenda, Kefa. Lakini mimi ndiye niliyekuomba, nawe ukanipa. Siku nyingine nitaomba tena, utanipa tena, na mama wa mtu atakufa. Siwezi kuolewa na bwana afya asiyeweza kunikatalia."

"Naweza."

"Haya, nakuomba usiende." Yunisi aliikaza mikono ya Kefa, maana ombi lile lilikuwa la kweli kabisa. "Baki na mimi."

Dereva akapiga honi. Kefa akaichomoa mikono yake polepole, kidole kwa kidole.

"Hapana," alisema, akapanda lori.

Tabita alipomuuliza mwanaume yule amesema nini, Yunisi alimjibu kwamba amekataa. Hakuwahi kumpenda Kefa kama alivyompenda dakika ile, na lori lilikuwa limeshapita daraja.