Moyo Uliokwenda Mwendo wa Maziko

Mteja wa kwanza Jumatatu ile alikuwa mama wa makamo kutoka Baton Rouge, mpiga ngoma wa kanisa, na alitaka snea ya shaba, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini. Numa Populus, mwenye duka la ngoma, alifurahi mno. Ukimtoa binti yake, hakuna kitu alichokipenda duniani kuliko kumweleza mtu tofauti ya shaba na shaba.

Akampangia tatu juu ya kaunta.

"Hii ya kwanza mwili wake mwembamba na laini. Ina haraka, hujaigusa sawasawa imeshajibu. Ya pili imegongwa nyundo mwili mzima, kwa hiyo sauti yake kavu, haina maneno mengi. Ya tatu ndiyo nene. Hii ukiipiga kanisani kwenu, shemasi atadondosha sadaka."

Yule mama akacheka, akachukua fimbo, akapiga ya kwanza. Du. Akapiga ya pili. Du. Akapiga ya tatu. Du.

"Mzee wangu, unanitania. Zote sauti moja."

Numa akajaribu mwenyewe. Chini ya kila snea kuna nyaya nyembamba za chuma zilizolala kwenye ngozi, na hizo ndizo zinazoipa ule mlio wa mchele unaomwagwa kwenye sinia. Nyaya zilikuwa zimekazwa. Akazikaza zaidi, akapiga. Du. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, kama ya ngoma iliyozibwa kwa ajili ya maiti.

Aibu ikamshika, akamvuta mteja upande wa matoazi. Toazi, alisema, halichaguliwi kwa bei wala kwa kung'aa, linachaguliwa kwa muziki. Wa jazi wanataka jembamba lenye giza ndani, linalonong'ona chini ya piano. Wa roki wanataka zito, lipite juu ya magitaa. Kanisani unataka linalofura haraka na kufa haraka, mhubiri asije akafungua mdomo likiwa bado linasema.

"Piga hilo," alisema.

Mama akalipiga. Mlio ukaanza kupanda, kisha ukakatika ghafla, kama vile mtu amelibana toazi kwa vidole. Hakuna aliyekuwa karibu nalo. Numa akainama kutazama, akaona pembezoni mwa lile toazi alama nne za vidole, zenye unyevu, zikikauka mbele ya macho yake, na pale alipoinama akasikia harufu ya chokaa mbichi, ile wanayopaka makaburi. Alipoinua kichwa mlango ulikuwa umeshafungwa. Mteja amekwenda bila hata kuaga.

"Unyevu," Numa akajisemea. New Orleans unyevu hubebeshwa lawama ya kila kitu, kuanzia mlango usiofunga hadi ndoa iliyovunjika.

Mchana akapanda juu kula. Yeye na Zélie, binti yake wa miaka ishirini na minne, waliishi ghorofani juu ya duka. Maharage mekundu na wali yalikuwa tayari mezani, maana ni Jumatatu, siku ya chakula hicho mji mzima. Zélie alikuwa anatoka jikoni na sahani ya pili. Akapiga hatua moja, akasimama. Akauvuta mguu mwingine taratibu, akaulaza kando ya mwenzake, akasimama tena.

"Umeumia mguu?"

"Hapana, Baba. Nimechoka tu."

Numa aliweka kijiko chini. Mtu yeyote wa Tremé, mtaa wao, anaujua mwendo ule. Ni mwendo wa kumsindikiza maiti, hatua moja kwa wimbo mzito, na Jumamosi iliyopita tu waliutembea wote wawili nyuma ya jeneza la Ozémé Trepagnier. Ozémé alikuwa mpiga ngoma kubwa, ile yenye toazi lililofungwa juu yake. Katika bendi za mtaani ngoma kubwa ina mtu wake na snea ina mtu wake, na wawili hao wakipatana huwa kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Numa na Ozémé walipatana miaka arobaini. Baada ya maziko Numa alikosa nguvu mikononi, ikabidi Zélie ndiye aibebe snea ya baba yake, ile ya shaba kuukuu isiyouzwa, kutoka makaburini hadi nyumbani.

Jumanne alimpeleka hospitali. Mapigo arobaini na nane kwa dakika. Daktari akasema moyo ni mzima, hauna tundu wala uvimbe, pengine binti ni mwanariadha? Alhamisi yakawa arobaini na moja. Jumamosi thelathini na tano. Wakamfunga nyaya kifuani, wakamchoma sindano ya kuuamsha moyo, na moyo ukaendelea na mwendo wake kama mtu asiyesikia akiitwa. Wakataka kumwekea kifaa cha kuuendesha moyo. Zélie mwenyewe akaomba arudishwe nyumbani kwanza, kwa sauti ndogo, akipumzika kati ya neno na neno, na Numa, ambaye hakuwahi kumnyima kitu, akamrudisha, kisha njia nzima akajilaumu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Numa akapandisha ngoma zote za shaba ghorofani, akazipanga kuzunguka kitanda, akaanza kuzipiga kwa kasi, gwaride, samba, roki, chochote chenye mbio, akidhani moyo wa mtoto utashika mwendo wa fimbo zake kama miguu ya watu inavyoushika barabarani, lakini kila alivyozidisha kasi ngoma zilijibu du, du, du, kila moja kwa sauti ile ile, na alipotua fimbo na kuweka kidole shingoni mwa Zélie, kidole kilingoja pigo, kikangoja, kikangoja, mpaka akaanza kuomba kwa lugha ya Kifaransa ya bibi yake aliyodhani ameisahau, na ndipo pigo likaja, moja, dhaifu, na nyuma yake ile harufu ya chokaa ikajaa chumba kizima, na matoazi yote kule chini dukani, ambako hapakuwa na mtu, yakalia mara moja kwa pamoja na kubanwa mara moja kwa pamoja.

Jumapili, watu walipotoka ibadani, akamfuata Mama Léocadie.

Mama Léocadie aliongoza kanisa dogo la mambo ya roho katika nyumba ya mtaa wa pili. Alivaa nyeupe tupu, na uvumilivu hakujaliwa hata kidogo. Alifika mlangoni kwa Numa, akanusa, akakunja uso.

"Umemwingiza nani humu?" alinong'ona.

"Sijamwingiza mtu, Mama."

"Basi ameingia mwenyewe. Kaa pale. Usiseme mpaka nikuulize."

Akakaa kitandani, akamshika Zélie mikono yote miwili, akasali kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama wanavyouliza waganga wa kila nchi: "Wewe ni nani, na unataka nini?"

Midomo ya Zélie ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, ya kukwaruza, yenye utani ndani yake, na Numa aliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Numa. Bado unawauzia watu masufuria?"

"Ozémé," Numa akasema kwa pumzi.

"Nimekwambia unyamaze!" Mama Léocadie akamkemea kwa kunong'ona, kisha akamgeukia yule mwingine. "Mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Nimesimama langoni mwa makaburi, Mama. Siku ya tisa leo. Mguu mmoja mbele, wa pili nauvuta, na ruhusa ya kwenda sijapewa. Upweke wa pale siuwezi. Nikamwona mtoto amebeba ngoma, moyo wake unapiga vizuri. Nikaushika mkono." Zélie alivuta pumzi ndefu, kwa shida. "Tunakwenda wote. Tunakaribia kufika."

Numa akaanza kulia waziwazi. Mama Léocadie hakumtazama kwa huruma.

"Jumamosi ya maziko ulipiga snea?"

"Nilipiga."

"Leso uliiweka?"

Wakielekea makaburini, mpiga snea huchomeka leso kati ya nyaya na ngozi, ngoma isilie kwa furaha mbele ya maiti. Maiti akishazikwa, pale langoni, leso inachomolewa, nyaya zinafunguka, matarumbeta yanapanda na watu wanacheza kurudi nyumbani. Hapo ndipo maiti anaachiwa. Kila mtoto wa Tremé anajua.

"Niliiweka."

"Na kuitoa?"

"Mvua, Mama. Mvua ilitukuta langoni, watu wakakimbia, nikasahau—"

"Jumamosi ile haikunyesha hata tone. Nilikuwa nimeanika mashuka." Akamsogelea. "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kimeshakaa kitandani. Sema."

Numa akakaa sakafuni. Akasema kwamba wimbo wa furaha ulipoanza vidole vyake vilikuwa tayari kwenye leso, na havikuivuta. Miaka arobaini ngoma kubwa ilikuwa bega lake la kushoto. Aliona akiitoa ile leso basi, ndiyo mwisho, Ozémé amekwenda. Kwa hiyo akaiacha, akapiga ngoma iliyozibwa, na kwa kelele za matarumbeta hakuna aliyetambua.

"Mimi nilitambua," ilisema sauti kitandani.

"Nisamehe, ndugu yangu. Niachie mwanangu. Nitakupigia leo hii, sasa hivi, nitakufungulia."

"Utanifungulia. Lakini siondoki mikono mitupu. Miaka yote hiyo ni toazi gani nililichagua bila wewe? Mimi nilikuwa mikono tu, masikio yalikuwa yako. Huko niendako nani atanisikilizia?"

Mama Léocadie akainuka ghafla. "Numa, usijibu! Tupatane naye kwanza, usi—"

"Chukua masikio," Numa akasema.

Kichwa cha Zélie kikaanguka kwenye mto. Numa akashika shingo yake, akatazama saa. Ishirini na tisa.

Walimlaza kwenye gari la mizigo la duka, wakafika makaburini jua likiwa kali bado, saa kumi hivi, na hakukuwa na mtu langoni isipokuwa kuta nyeupe na joto. Numa akafunga toazi juu ya ngoma kubwa ya Ozémé, iliyohifadhiwa dukani tangu maziko, na kumkabidhi Mama Léocadie, kwa kuwa hakuna mwingine. Alikuwa amechukua bora kuliko yote dukani, lile jembamba la jazi, lililofuliwa kwa mkono. Mama akalipiga, likabanwa. Numa akaweka lile zito. Likabanwa. Nyuma yao Zélie alitoa mkoromo, na Numa, akifungua parafujo ya toazi lile, akajilazimisha kufikiri kama muuza duka: muziki gani? Wa barabarani. Huko hakuna kuta za kurudisha sauti, kuna jua, kuna watu mia tano. Hapo toazi la kunong'ona ni kazi bure, na zito linayafunika matarumbeta. Unataka dogo, kavu, lenye kitovu kikubwa katikati, na hulipigi kwa fimbo, unalipiga kwa waya wa henga ya nguo. Akalipata chini ya mfuko wa matoazi, dogo na limefifia. Akaung'oa waya wa henga iliyokuwa garini, akaukunja, akampa Mama Léocadie.

"Piga."

Ting. Likalia. Likalia mpaka mwisho wa pumzi yake, na hakuna aliyelibana.

Numa akaipindua snea yake kuukuu, akaivuta leso. Ilitoka ikiwa imelowa chokaa, nzito kama tambara la kupigia deki. Akaitupa. Akakaza nyaya, akainua fimbo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa shaba ikasema, ule mlio wa mchele, mkali, mwingi, ukaruka juu ya kuta za makaburi, naye akaupiga wimbo ambao hakuweza kuupiga Jumamosi ile, akipiga na kulia, akisema nenda, nenda ndugu yangu, nenda, na Mama Léocadie na sketi zake nyeupe akizunguka na ngoma kubwa tumboni, du-du na ting, du-du na ting, na katikati ya mzunguko wa pili Numa akahisi kuna mtu amempita karibu sana, bega kwa bega upande wa kushoto, akinuka chokaa na kahawa na sigara, akicheza.

Kisha ting ikapotea. Alimwona Mama Léocadie bado analipiga toazi, waya unashuka na kupanda. Baada ya hapo nyaya za snea zikanyamaza, kisha ngoma kubwa, na mwisho fimbo zake mwenyewe. Mikono iliendelea kwa kuwa ilijua njia. Alipiga mpaka wimbo ukafika mwisho wake, asije akamkosea Ozémé mara ya pili, ndipo akageuka.

Zélie alikuwa ameshuka garini. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, jasho linamtoka, kisha akaja mbio, mbio kabisa, akamshika baba yake mabegani. Numa akaweka kidole shingoni mwake. Hakuhitaji saa. Damu ilikuwa inakimbia.

Binti alikuwa anasema kitu. Alikisema, akakirudia, akakirudia tena huku akimtikisa. Numa aliitazama midomo yake na kulielewa lile neno, kwa kuwa ndilo la kwanza alilowahi kulitamka mtoto huyu. Akaitikia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa, au ndogo mno. Hakujua.