Kidonda Chini ya Shogi

Kila alfajiri wanawake wa Newala waliteremka bondeni kuchota maji, kwa sababu huko juu mlimani walikoishi hapakuwa na kijito wala kisima. Adija aliteremka nao, akimswaga Tunu, punda wa mjomba wake Mrisho. Wakati wa kupanda Tunu alibeba madebe mawili, moja kila upande, juu ya shogi, yale matandiko ya ukindu yanayofungwa mgongoni. Maji hayo yalikuwa ya nyumba nzima mpaka kesho yake. Mtoto aliyeyamwaga alikiona cha mtema kuni.

"Shogi usilifungue," mjomba alikuwa amemwagiza. "Kulifunga upya ni kazi. Na huyo punda ana kiburi. Akigoma, mchome kwa fimbo hii, nyuma ya bega hapa. Akilala njiani leo, mwache hukohuko. Fisi watajua la kumfanya."

Adija alimpenda Tunu, lakini kwa Wamakonde mpwa hashindani na mjomba. Aliitikia, "Ndiyo, mjomba," akaenda zake.

Katikati ya mlima Tunu akasimama. Halafu akapiga magoti.

"Mchome, jua linapanda!" alisema Kurwa, rafiki yake, mwenye mtungi kichwani.

Adija aliinua fimbo. Kabla haijamgusa, ngozi ya Tunu ilianza kutetemeka. Masikio yake yalilala nyuma, na jicho lake likaikodolea ile fimbo. Mwenye kiburi hatetemeki hivyo. Huyu alikuwa anaogopa.

"Phuu! Kuna mzoga hapa?" Kurwa aliziba pua.

Walichungulia vichakani, hawakuona kitu. Uvundo ulitoka kwa Tunu. Wakayatua madebe, wakafungua kamba, Adija akalivuta shogi. Lilikuwa limegandamana na ngozi. Lilipobanduka, usaha ulichuruzika mpaka tumboni, na ndani ya nyama funza weupe walikuwa wakigaagaa. Kurwa aliutua mtungi, akakimbia kutapika.

Adija aliinama kukitazama kidonda. Kilichomchefua zaidi ni vitundu vilivyokuwa pembeni mwa kidonda, kila kimoja sawasawa na ncha ya fimbo ya mjomba. Kumbe mjomba alijua! Alijua panapouma, na ndipo alipochoma. Na jana Adija mwenyewe alipachoma papo hapo, akicheka. Alijiona mchafu kuliko kile kidonda. Akaitupa fimbo korongoni, akachukua debe.

"Una wazimu?" Kurwa alimaka. "Maji ya kunywa unamwogeshea punda?"

"Wacha niwe na wazimu," alisema Adija, akamwaga. Debe la kwanza lilikwisha, na la pili pia. Tunu aliguna, kisha akainuka polepole, akaegemeza kichwa kwenye kifua cha yule mtoto.

Nyumbani, mjomba alikuwa uani.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba hakuitikia. Alitazama madebe matupu. "Maji yako wapi?"

"Nimemwosha Tunu. Ameoza, mjomba. Ameoza na wewe unajua!"

Mrisho aliinua mkono ampige. Mama yake Adija, dada mkubwa wa Mrisho, alitoka jikoni. Alisogea kwa punda, akaangalia, akatema mate chini.

"Mrisho, shusha shuka mabegani."

"Dada, mbele ya mtoto?"

"Shusha!"

Mabega yake yalikuwa na makovu mapana, yenye mikunjo.

"Adija, ulikuwa mdogo," alisema mama. "Wakati wa vita vya Maji Maji askari wa Wadachi, wale Wajerumani, walimkamata mjomba wako, wakambebesha mizigo yao. Alipochoka walimwita mvivu, wakamchapa viboko papo hapo penye kidonda. Alirudi ananuka hivihivi. Funza nilimtoa mimi, kwa vidole hivi. Na maji ya bondeni tulikumwagia wewe, Mrisho, debe kwa debe. Nani alisema yanapotea bure?"

Mjomba alijifunika shuka tena. Kisha alichukua madebe yote mawili, akayafunga kwenye mti wa kubebea mabegani, akateremka bondeni mwenyewe. Wanawake waliokutana naye walimcheka, maana mwanamume hachoti maji. Alirudi jasho likimtiririka, akaanza kumwosha Tunu. Uvundo ukampanda, akageuza uso na kuziba pua.

"Ondoa mkono," alisema dada yake. "Sisi kwako hatukuziba."

Mrisho aliondoa mkono. Akaendelea kuosha huku machozi yakimtoka.

Kwa muda mrefu Tunu hakufungwa shogi, na mjomba ndiye aliyebeba maji hadi kidonda kilipofunga. Jioni ya siku ile kidonda kilipooshwa, mama alimwambia Adija: "Mnyama hana mdomo wa kusema anaumia. Anasema kwa masikio, kwa ngozi, kwa miguu inayogoma. Mtu akizoea kumwona kiumbe anateseka na asijali, kesho atamfanyia hivyohivyo mwanadamu mwenziwe. Wewe leo umechukizwa, mwanangu. Usije ukazoea."