Kitambaa Ndani ya Chupa

"Wembe, lori umeliona?" redio ya Motorola ilikoroma.

"Nimeliona."

Bastola yake ya Glock ikatema risasi mbili. Gurudumu la nyuma likapasuka, lori likayumba kama mlevi, likaegemea mwamba, likazima.

Wembe akashuka kwenye Land Cruiser bila haraka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa barabara hii ulikuwa na kina cha mita mia tatu.

Dereva alishuka mikono juu. Alikuwa daktari wa mifugo.

Alikuwa pia kaka yake, tumbo moja.

"Dada," alicheka. "Wamekosa mtu mwingine wa kutuma?"

"Wapo. Niliomba mwenyewe."

Ndani ya lori walijazana mabeberu thelathini wa mbuzi mwitu, waliotolewa kituo cha kuzalishia waje kuongeza kundi la mlimani. Mbuzi hao hawakuwa na makazi mengine duniani ila mlima huu, na sheria ilikataza kuuchimba maadamu wako hai. Kampuni ya kigeni iliyataka madini yaliyo chini yake.

Haikuleta bunduki. Ilileta machotara.

"Wamo wanane," daktari alisema, kama anayetaja kipimo cha dawa. "Wana jeni za mbuzi wa kufugwa. Wanapanda miezi miwili kabla ya wakati, vitoto vinazaliwa katikati ya barafu. Vinaganda mama hajamaliza kuvilamba. Misimu sita tu, kundi kwisha. Asiyefaa anaondolewa, dada. Ndiyo kanuni."

"Wanane wapi?"

"Watafute! Pembe zilezile, rangi ileile, hereni za masikioni nimezing'oa zote. Maabara itataka siku tatu. Nao wakibaki wamebanana humu ndani, kesho hawaioni."

Wembe akabonyeza redio, akaeleza kwa sentensi mbili.

Mkuu wa doria akajibu: "Wasipotenganishwa kabla ya jua kuzama, ua wote."

"Nimepokea."

Mabeberu halisi ishirini na wawili. Nusu ya madume wote waliobaki. Akiwaachia, kundi litakufa taratibu. Akiwaua, litakufa leo. Kaka yake alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa anapiga mluzi.

Wembe akalipekua sanduku la kazi la kaka yake. Mikasi. Glavu. Chini kabisa, chupa ya kioo iliyokazwa kifuniko, na ndani yake kitambaa.

Akafungua, akanusa.

Walilelewa na mama mfuga mbuzi. Uvundo ule waliujua kabla ya kujua kusoma. Kitambaa kilikuwa kimesuguliwa kwenye jike mwenye joto, ili beberu apandwe na wazimu atoe mbegu.

"Msimu wa hawa bado miezi miwili," Wembe alisema. "Leo beberu halisi atakitazama hiki kama gazeti la jana. Sasa wewe ulikuwa unamnusisha nani?"

Mluzi ukakatika.

Beberu wa kwanza aligeuza uso. Wa pili aliendelea kucheua. Wa tatu akakunja mdomo, akanyoosha shingo, akampiga jirani yake pembe.

Risasi moja, nyuma ya sikio.

Chotara wa nane alikufa ulimi wake ukiwa bado kwenye kitambaa. Wembe aliwanusisha wote thelathini, kisha akahesabu mizoga. Minane. Akakata sikio moja kwa kila mzoga, kwa ajili ya maabara, akafungua mlango wa nyuma. Ishirini na wawili wakapanda mwamba bila kugeuka.

Akaachia breki ya mkono. Lori likarudi nyuma polepole, likaukuta ukingo.

Daktari alisikiliza hadi lilipotua.

"Vua koti," Wembe alisema.

"Dada, jua likizama hapa maji yanaganda."

"Na viatu."

"Si unanikamata? Nikamate basi!"

"Gari la doria litapita alfajiri. Litakukamata."

"Alfajiri sifiki!"

"Asiyefaa anaondolewa. Si kanuni yako?"

Alivua huku meno yakigongana, mdomo wa Glock ukimtazama. Kisha akajaribu silaha ya mwisho.

"Mama ataniulizia."

Wembe alikunja koti vizuri, mkono juu ya mkono, kama walivyofundishwa nyumbani.

"Nitampelekea hili."

Akaingia garini. Redio ikaita.

"Wembe, mtuhumiwa yuko wapi?"

Kwenye kioo cha nyuma, mtu mwenye soksi alikuwa anakimbia.

"Anatembea," alijibu, akawasha kipasha joto.